Pedi mpya, kelele ileile: breki ya mbele ya Honda CB750 inapolia

"Fundi, shikamoo. Niko Raskazone, Tanga. Marehemu babu aliniachia Honda CB750 ya mwaka 1974 na mwaka huu nimeifufua. Mwezi uliopita nilifunga pedi mpya za breki ya mbele. Tangu hapo, ikikaribia kusimama inalia kali mpaka watu wanageuka, asubuhi ndiyo zaidi, na mkono wa breki unaingia sana kabla haijashika. Fundi wa kwanza aliniambia pedi ni feki. Wa pili akazipiga msasa, ikanyamaza siku mbili, kelele ikarudi. Wa tatu anataka kutoboa matundu kwenye diski, anasema ndivyo zilivyo pikipiki za kisasa, kisha apake grisi. Mwezi ujao nataka kupanda nayo Lushoto. Nimsikilize nani?"

Marahaba, kijana wangu, na Mungu amrehemu babu. Umeleta malalamiko mawili lakini mafundi wote watatu wamejibu moja. Kelele inaudhi, ila haijawahi kumuua mtu. Mkono wa breki unaoingia sana ndio wa kuogopa. Habari njema ni kwamba kwa pikipiki hii mambo hayo mawili mara nyingi hutoka mahali pamoja, na mahali penyewe si kwenye pedi.

Tuanze na kelele. Umewahi kumwona mwalimu akiandika ubaoni, chaki ikapiga mlio wa kukereza meno? Akiishika wima inalia. Akiilaza kidogo, chaki ileile, ubao uleule, inanyamaza. Chaki iliyosimama wima hung'ang'ania ubao, ikaachia, ikang'ang'ania tena, mara nyingi mno ndani ya sekunde moja, na mtetemo huo ndio unaousikia. Pedi na diski hufanya hivyohivyo, halafu diski, ambayo ni sahani ya chuma, inaupokea mtetemo na kuukuza kama kengele. Mwendo ukiwa mdogo, yaani pale unapokaribia kusimama, kung'ang'ania na kuachia huko kunakuwa kukali zaidi. Kwa hiyo swali la kujiuliza si "pedi gani hazilii?" bali "ni kitu gani kinaifanya pedi iguse diski vibaya, au kinatetemeka kwa kulegea?"

Sasa itazame kalipa yako, kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, kwa karibu. CB750 ilipotoka mwaka 1969 ilikuwa pikipiki ya kwanza kuzalishwa kwa wingi ikiwa na breki ya diski ya mafuta mbele, na kalipa yake si kama za leo. Ina pistoni moja tu, upande mmoja wa diski. Pedi ya upande wa pili haisukumwi na chochote. Imekaa kwenye nusu yake ya kalipa inasubiri. Pistoni ikisukuma pedi yake mpaka igote kwenye diski, kalipa nzima inavutwa upande wa pili, kwa sababu kishikizo chake kimefungwa kwenye shokapu kwa pini, mfano wa mlango kwenye bawaba. Mlango ukizunguka vizuri, pedi zote mbili zinabana sawasawa.

Na wewe unakaa Raskazone, ambako upepo wa bahari unapita sebuleni. Unajua bawaba za madirisha zinavyokuwa baada ya kusi mbili tatu bila mafuta. Pini ya kalipa ni bawaba vilevile, na yako ina umri wa nusu karne. Ikikwama, pistoni inalazimika kuipinda diski kidogo ili ifikie pedi ya pili. Hapo ndipo mkono wa breki unapoingia bure. Pedi nazo zinaguswa ukingo mmoja kabla ya mwingine, zinalika kama kabari, zinalia. Ukiachia breki kalipa hairudi, pedi inaendelea kusugua, inapata moto, uso wake unang'aa kama kioo. Fundi wa pili alikwangua kioo hicho, ikanyamaza. Baada ya siku mbili kikajitengeneza upya. Hakukosea, alitibu homa akaacha malaria.

Wa kwanza huenda yuko sahihi kwa sehemu, maana pedi za bandia zipo na ni ngumu kama kigae. Lakini pedi nzuri kwenye kalipa iliyokwama italia pia, kwa hiyo usinunue nyingine kabla hujafungua.

Wa tatu mzuie. Matundu ya diski hupigwa kiwandani kwa mpangilio uliopimwa, kingo zake zikasawazishwa. Diski za Honda za miaka ile ni chuma cha pua, kigumu. Tundu la drili ya mkononi linaacha ukingo wenye vinyufa vidogo, na ufa wa diski huanzia papo hapo, kwenye joto, siku ya mteremko. Grisi nayo inategemea ni ipi na inapakwa wapi, nitaifikia.

Kabla ya kufungua chochote, weka pikipiki kwenye stendi ya kati, tia gogo chini ya fremu mpaka gurudumu la mbele lielee. Lizungushe kwa mkono. Linatakiwa lizunguke raundi kadhaa, ukisikia mguso mwepesi tu. Bana breki kwa nguvu, achia, zungusha tena. Likiwa zito, usikimbilie kulaumu pini. Kwanza legeza nipo ya kutolea hewa kwenye kalipa kidogo sana, mpira mwembamba ukiwa umechomekwa ili mafuta yasimwagike. Gurudumu likifunguka palepale, maana yake shinikizo la mafuta lilikuwa limenaswa, na mkosaji yuko juu. Ni ama paipu ya mpira iliyovimba kwa ndani, ama kitundu kidogo cha kurudishia mafuta ndani ya masta silinda (pampu ya breki iliyo kwenye usukani) kimeziba. Kuwatenganisha ni rahisi: funga nipo, bana tena, safari hii legeza kiungo cha paipu pale kwenye masta. Likifunguka hapo, tatizo ni masta. Lisipofunguka mpaka urudi kwenye nipo, tatizo ni paipu. Na kama nipo iko wazi na gurudumu bado zito, basi ni pistoni au pini imekwama. Jaribio hili linachukua robo saa na linakuokolea pesa ya vipuri visivyohitajika.

Ukiwa hapohapo, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi zimeisha, na beringi zilizoisha zinafanya breki ilie hata kama kila kingine ni kipya.

Paipu ya mpira, kama ndiyo ya mwaka 1974, badilisha bila kujadili. Inavimba unapobana na kula nguvu ya mkono wako, na ndani yake mpira hubanduka vipande vidogo vinavyoziba kila kitu. Ile iliyosukwa kwa nyuzi za chuma cha pua ni bora kuliko ya mpira mtupu, na hewa ya chumvi haiiwezi haraka.

Sasa kufungua. Jambo moja la afya kwanza: pedi nyingi za miaka ya 1970 zilikuwa na asbestosi, na vumbi la pedi za zamani za babu huenda bado limo kwenye pembe za kalipa. Usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, futa kwa tambara, tambara litie kwenye mfuko ulitupe. Funika tangi na madigadi ya mbele pia, maana mafuta ya breki yanamenya rangi kama thina. Yakidondoka, mwagia maji mengi mara moja.

Toa gurudumu, kisha tenganisha nusu mbili za kalipa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita). Pedi ni za duara, kama sarafu nene, na pembeni zina mfereji wenye rangi nyekundu unaozunguka. Mfereji huo ukifikiwa, pedi imekwisha. Zako ni mpya, kwa hiyo tazama uso wake badala ya unene. Ukiona zimelika upande mmoja, pini ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Chomoa pini ya kishikizo. Kama haitoki, loweka kwa mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha kisha ugonge taratibu kwa nyundo ya plastiki. Usiigonge kwa chuma, kishikizo ni aluminiamu. Ikitoka utakuta grisi imekuwa kama nta ya kahawia, na kutu. Isugue kwa msasa namba 600 mpaka iwe laini. Ukipitisha kucha ikakwama kwenye mashimo ya kutu, tafuta pini mpya au mpelekee mchonga vyuma akuchongee kwa kipimo kilekile, maana pini inayocheza inatetemeka, na kutetemeka ndiko kulia. Badilisha sili za mpira za duara mwisho wa pini, kwa kuwa ndizo zinazozuia chumvi. Kisha pakaza pini grisi isiyopitisha maji, nyingi. Hapa grisi ni halali kabisa. Kishikizo kinatakiwa kizunguke kwa kidole kimoja, bila kucheza juu na chini.

Pistoni itoe kwa kubana mkono wa breki taratibu kabla hujafungua paipu, ikisukumwa na mafuta yenyewe. Ukitumia kompresa weka kipande cha mbao mbele yake. Inaruka na kuvunja vidole. Tazama ukoko wake wa kromu. Doa la kutu lililochimbika maana yake pistoni mpya. Ndani ya kalipa kuna sili moja yenye kona nne, imekaa kwenye mfereji. Sili hiyo haizuii mafuta tu. Unapobana inajipinda pamoja na pistoni, unapoachia inajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma kiasi kidogo sana, na hilo ndilo linaloachanisha pedi ya upande wa pistoni na diski. Breki za aina hii hazina springi ya kurudisha pistoni. Sasa mfereji wa sili, kwenye aluminiamu iliyozeeka, hujaa unga mweupe mgumu nyuma ya sili, unaisukuma sili imbane pistoni. Mafundi wengi hubadilisha sili na kuuacha unga palepale, kisha wanashangaa breki inashika moja kwa moja. Ukwangue kwa kijiti au waya wa shaba, si bisibisi, mpaka mfereji ung'ae. Sili mpya iloweshe mafuta ya breki masafi ndipo uirudishe.

Diski ipime unene kwa venia (rula ya chuma yenye taya) sehemu sita au saba. Mpya ni takriban milimita 7, na ikifika 5.5 haifai tena, hata kama inang'aa. Kupinda kwake kusizidi milimita 0.3. Kama huna geji ya saa ya kupimia hilo, funga waya mgumu kwenye shokapu ncha yake ikikaribia diski, zungusha gurudumu, na upime pengo kubwa na dogo kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia pengo); tofauti yake ndiyo kupinda. Diski iliyopinda kwa kawaida utaihisi mkononi, mkono wa breki unadunda kila mzunguko. Mchonga vyuma anaweza kuiparua kidogo ikiwa bado nene, lakini mwambie kabisa kikomo ni 5.5. Kama iko sawa, isugue pande zote mbili kwa msasa namba 220 kwa miviringo isiyo na mpangilio, ili kuondoa tabaka la pedi za zamani, kisha ifute kwa spiriti mpaka kitambaa kibaki cheupe. Baada ya hapo usiiguse kwa vidole.

Pedi, kama hazijaingia mafuta, ziokoe. Laza msasa namba 120 juu ya kioo, zungusha pedi kwa umbo la nane mpaka uso wote uwe na rangi moja isiyong'aa. Kisha chonga ukingo wa mbele kidogo, kama milimita moja, kwa mshazari. Ndiyo ile chaki iliyolazwa. Zikiwa zimeingia mafuta ya breki au ya shokapu, zitupe. Wapo wanaozichoma kwa moto ili mafuta yatoke. Yanatoka juu tu, na gundi inayoshika pedi kwenye bati inaungua. Vilevile usikubali kubandikiwa tabaka jipya la kusugua kwenye bati za zamani kwa gundi ya dukani. Kazi hiyo huhitaji gundi maalumu inayoiva kwa joto na mgandamizo. Usikubali pia pedi za bodaboda zilizochongwa duara.

Kama utalazimika kununua, omba za oganiki, yaani laini, zisizo za chembe za chuma. Zile za chembe za chuma zinashika vizuri mvua ikinyesha, lakini zinakwangua diski ya zamani na zinapenda kulia. Ubaya wa oganiki ni kwamba siku za masika, mara ya kwanza ukibana, diski ya chuma cha pua ikiwa imelowa, breki inachelewa kidogo. Ukijua hilo unagusa mapema.

Grisi ya fundi wa tatu sasa. Pakaa grisi ya silikoni, filamu nyembamba kama ukungu, kwenye mgongo wa pedi na ukingo wake wa duara unaoteleza ndani ya kalipa. Inameza mtetemo na inazuia pedi isikwame. Grisi ya kawaida ya beringi hapo haifai, inavimbisha sili za mpira na ikipata moto inatiririka kwenye uso wa pedi.

Ukishafunga, kuna skrubu moja ambayo nadhani hakuna aliyeigusa. Iko kwenye kishikizo, ina springi na nati ya kufungia, na kazi yake ni kupanga kalipa irudi umbali gani. Pedi mpya ni nene kuliko za zamani, kwa hiyo kila zinapobadilishwa skrubu hii ipangwe upya. Ikiachwa, pedi ya ndani, ile isiyo na pistoni, inasugua muda wote. Inua gurudumu, legeza nati, zungusha skrubu mpaka pedi iguse na gurudumu liwe zito, kisha irudishe mpaka gurudumu liwe huru na fila geji ya milimita 0.15 ipite kati ya pedi na diski. Shikilia skrubu isizunguke, kaza nati. Pengo likiwa kubwa mkono wa breki utaingia sana, likiwa dogo pedi itaungua.

Mafuta ya breki: daraja la DOT 3 au DOT 4 (limeandikwa kwenye kopo) kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyohiyo, na usichanganye kamwe na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Mafuta haya hunyonya unyevu hewani, na Tanga hewa yenyewe ni nusu maji. DOT 4 safi huchemka kuanzia nyuzi 230; ikishanyonya maji inashuka mpaka karibu 155, na DOT 3 mpaka 140. Kutoa hewa unajua: bana, fungua nipo, funga, achia, huku chupa ya juu haipungui kufikia nusu. Hewa ya mwisho huwa kaidi. Funga mkono wa breki kwenye usukani kwa mpira wa tyubu uache usiku kucha, viputo vitapanda vyenyewe kuelekea masta, na asubuhi mkono utakuwa mgumu zaidi.

Zoesha pedi kabla ya safari. Alfajiri, ukishapita Pongwe magari yakiwa machache, peleka kilomita 50 kwa saa, bana kwa uthabiti mpaka 15 bila kusimama, achia, endesha kidogo ipoe, rudia mara 12 hivi. Usisimame ukiwa umebana diski ya moto, pedi itaacha muhuri wake hapo, na muhuri huo utaudunda mkono wako baadaye.

Kuna hali za kuacha spana chini na kumwita fundi mwenye uzoefu wa breki za mafuta aje aione pikipiki yenyewe. Mkono wa breki bado unagusa usukani baada ya kutoa hewa yote. Kuna unyevu wa mafuta kwenye masta au kalipa uliorudi baada ya kufutwa. Diski ina ufa, hata mdogo kama unywele. Nipo imekatikia ndani, au uzi wa boliti kwenye shokapu umeliwa. Kelele imekuwa ya kusaga chuma kwa chuma. Hapo usiiendeshe hata kwenda gereji, ipakie kwenye bajaji ya mizigo.

Kuhusu Lushoto: kupanda si tatizo, kushuka ndiko. Kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo ni zaidi ya kilomita 30 za kona, na mafuta ya breki yenye maji yanaweza kuchemka kabla hujaiona barabara kuu. Yakichemka mkono unaingia mpaka kwenye usukani ghafla, bila onyo. Shuka na gia ileile uliyopandia, bana kwa nguvu kwa muda mfupi kisha achia, badala ya kuibembeleza breki njia nzima. Mkono ukianza kuwa laini, simama Soni, agiza chai, isubiri nusu saa.

Ukirudi, baada ya kilomita 200 hivi, pima tena lile pengo la 0.15, maana pedi mpya zinakaa vizuri kadiri zinavyotumika. Na ikiwa italia tu asubuhi, mara tatu nne za kwanza, kisha inanyamaza, hiyo ni chumvi na umande wa usiku juu ya diski. Iache.